Nafasi Ndogo Ndani ya Injini ya Dizeli: Jinsi ya Kupima na Kurekebisha Tapeti

Leo twataka kuzungumza nanyi habari ya kitu kidogo sana, kidogo hata jicho peke yake haliwezi kukipima, nacho ni nafasi iliyopo kati ya roka na ncha ya vali katika injini ya dizeli. Upana wake mara nyingi haupiti karatasi tatu au nne zikiwekwa pamoja. Walakini nafasi hiyo ikizidi au ikipungua, mashine ya kusaga ya kijiji kizima yaweza kusimama, na akina mama wakarudi nyumbani na udaga wao kichwani kama walivyokuja.

Twawaelekea hasa ndugu zetu wa Musoma, Bunda na Butiama, katika Mkoa wa Mara. Chakula cha huko hutegemea kinu: udaga wa muhogo, mtama, ulezi na mahindi, vyote sharti visagwe kabla ya kufika chunguni. Ni kweli ya kuwa nguzo za umeme zimefika vijiji vingi, na wenye mashine wengi wameondoa injini wakaweka mota. Hata hivyo kazi ya dizeli haijakwisha. Ziko mashine zilizo mbali na nyaya, na ziko zilizowekwa akiba kwa siku umeme unapokatika. Yako matrekta katika mashamba ya pamba ya Bunda, yako makarasha ya kusagia mawe ya dhahabu huko Buhemba, kuna pampu za kumwagilia bustani kando ya ziwa, na kivuko kinachovusha watu kati ya Musoma na Kinesi. Hata Butiama, ambako Mwalimu Julius Nyerere alizaliwa mwaka 1922 na akarudi kulima baada ya kuacha urais mwaka 1985, kijana ajuaye kuitunza injini hakosi kazi.

Basi tuanze na injini yenyewe, kwani mtu asiyejua vali ni kitu gani hawezi kuirekebisha ila kwa kubahatisha.

Injini ya dizeli ina jina la mtu. Rudolf Diesel alizaliwa Paris mwaka 1858, wazazi wake Wajerumani, na injini yake ilifanya kazi vema mara ya kwanza mwaka 1897 katika mji wa Augsburg, Ujerumani. Mwaka 1913 alipanda meli kwenda Uingereza, na kulipopambazuka hakuonekana chumbani mwake. Alikuwa amepotelea baharini. Ajabu ya injini yake ni hii, ya kuwa haina cheche ya kuwasha moto. Pistoni huibana hewa ndani ya silinda mpaka ikawa sehemu moja ya kumi na sita hivi, au hata sehemu moja ya ishirini, ya ukubwa wake wa kwanza. Hewa ikibanwa hivyo hupata joto kali mno, kupita nyuzi 500, na mafuta yakinyunyizwa ndani yake huwaka yenyewe. Aliyewahi kujaza upepo gurudumu la baiskeli kwa pampu ya mkono amekwisha kuuona mwanzo wa jambo hili, maana pampu hupata moto mkononi mwake.

Sasa fikirini. Ikiwa moto wote watoka katika kubanwa kwa hewa, je, itakuwaje kama hewa ina mahali pa kupenya? Haitabanwa sawasawa, joto halitatosha, na mafuta yatatoka moshi mweupe bila kuwaka. Na milango ya hewa ni miwili: vali ya kuingiza hewa, na vali ya kutoa moshi. Kila vali ina umbo la uyoga, kichwa chake kikikaa juu ya kiti cha chuma na kuziba tundu. Springi yenye nguvu huivuta ifunge. Kinachoifungua ni kamshafti, yaani mhimili wenye nundu. Nundu hupandisha fimbo ya kusukuma, fimbo huinua upande mmoja wa roka, na roka, kama pembea ya watoto, hushuka upande wa pili na kuikandamiza vali.

Injini nyingi za namna hii huzunguka mara mbili kwa kila kazi moja kamili: hewa huingia, hubanwa, mafuta huwaka, moshi hutoka. Kwa hiyo kila vali hufunguka mara moja tu katika mizunguko miwili. Injini izungukayo mara 1500 kwa dakika, vali yake hufunguka mara 750 kwa dakika, na kwa saa moja mara 45,000. Mashine ikifanya kazi saa tano kwa siku, vali moja imegonga kiti chake mara 225,000 kabla mwenye mashine hajala chakula cha jioni. Twawataja wanafunzi hesabu hii makusudi, waone sababu ya chuma kigumu kuliwa kidogo kidogo.

Kwa nini basi kuna nafasi? Kwani isingefaa roka iiguse vali daima, pasiwe na mlio wo wote? La, isingefaa, na sababu ni joto. Chuma kikipata moto hurefuka. Fimbo ya chuma ya urefu wa milimita 120, ikiongezewa joto la nyuzi 300, hurefuka kadiri ya milimita 0.4. Vali ya kutoa moshi hupitiwa na moto ule ule uliokwisha kufanya kazi silindani, nayo hurefuka kuliko vyuma vilivyoizunguka. Kama haikuachiwa nafasi ilipokuwa baridi, ikirefuka hukuta roka imeiwekea mkono, nayo haiwezi kurudi kitini pake. Hubaki wazi kidogo, kama mlango uliowekewa kijiti. Ndiyo sababu injini nyingi hupewa nafasi kubwa zaidi upande wa kutoa moshi, ingawa si zote.

Nafasi ikizidi, utaisikia. Roka hugonga vali kwa mlio mkavu, tak-tak-tak, na mlio huo huenda sambamba na mwendo wa injini. Vali huchelewa kufunguka, huwahi kufunga, tena haifunguki kwa kadiri yake. Hewa huingia pungufu, na mashine ikitiwa mzigo wa mtama hutoa moshi mweusi na kuchoka. Hasara ipo, lakini angalau injini imepiga kelele na kumwarifu mwenyewe.

Nafasi ikipungua mno, injini hunyamaza. Hapo ndipo penye hatari kubwa, na twawaomba msikie vizuri. Watu wengi hufurahi injini inapopunguza mlio wake. Husema imezoea kazi, imelainika. Huenda si hivyo. Kichwa cha vali na kiti chake vikiliwa, vali huzama ndani kidogo, na ncha yake ya juu huinuka kuifuata roka. Nafasi hupungua kila juma, mlio hupungua nao, mpaka siku moja vali haifungi tena. Moto hupenya pembeni mwake kila mara mafuta yanapowaka, hula ukingo wake kama panya alavyo gunia, na hauchukui siku nyingi kuutoboa. Kichwa cha vali kikikatika, huanguka juu ya pistoni. Pistoni hukisukuma juu, nacho hupasua kila kikutacho. Kazi ya nusu saa, ya spana mbili na bisibisi, imegeuka kuwa kununua pistoni, hedi, na pengine injini nzima.

Dalili ya kwanza ya ugonjwa huu huonekana asubuhi. Injini iliyokuwa ikiwaka kwa mzunguko mmoja wa hendeli sasa yataka vijana wawili na jasho. Mwenye mashine huitazama pampu ya mafuta, hununua nozeli mpya, hubadili chujio, huuza mbuzi kwa ajili ya ringi, na ugonjwa uko pale pale, maana hakuna aliyefungua kifuniko cha juu akatazama tapeti. Tumeona jambo hili mara nyingi. Shauri letu ni moja: injini ya dizeli ikianza kuwa nzito kuwaka, tapeti zipimwe kwanza, kabla ya kununua kitu cho chote. Kupima hakugharimu fedha.

Tena watu wa Mara wana sababu moja zaidi ya kuangalia jambo hili. Uso wa Ziwa Victoria uko kadiri ya meta 1134 juu ya bahari, na Bunda na Butiama ziko juu kuliko ziwa. Hewa ya huko ni nyepesi kuliko ya pwani kwa kadiri ya sehemu moja katika kumi. Maana yake ni kuwa injini iliyo Bunda huanza siku na hewa pungufu kuliko ndugu yake aliye Tanga. Haina ziada ya kupoteza katika vali zisizofunga.

Sasa vyombo vya kazi. Twahitaji spana ya kutosha nati za kifuniko, spana ya kutosha nati ya kufungia skrubu ya roka, bisibisi pana, kitambaa safi, na kipimo. Kipimo hiki ni fungu la majani ya chuma yaliyokunjwa pamoja kama kisu cha mfukoni, kila jani limeandikwa unene wake. Mafundi hukiita fila. Angalieni maandishi yake, kwani hapo wengi hukosea. Fila nyingine zimeandikwa kwa milimita, na nyingine kwa sehemu za elfu za inchi. Jani lenye 0.30 ni milimita, na jani lenye 0.012 ni inchi, na hayo mawili ni karibu sawa kabisa. Sehemu moja ya elfu ya inchi ni milimita 0.025 na kitu kidogo.

Yuko asemaye, "Mimi sina fila, natumia msumeno wa chuma." Huyo amejidanganya, maana unene wa msumeno wa kukatia chuma ni kama milimita 0.6, mara mbili ya nafasi inayohitajiwa na injini nyingi. Mwingine hutumia nyembe. Wembe wa makali mawili una unene wa kama milimita 0.1, hivyo nyembe tatu huifikia 0.3. Kwa kweli hesabu hiyo ni nzuri, na mtu aliyekwama shambani na trekta aweza kujiokoa nayo, akiangalia vidole vyake. Lakini mwenye mashine anayepokea fedha kila siku hana udhuru wa kutonunua fila.

Na nafasi iwe kiasi gani? Jibu limo katika kitabu cha injini, au katika kibao kilichopigwa ribiti ubavuni mwake. Twataja mifano mtu apate kuona tofauti. Injini ya Perkins ya silinda tatu iliyomo katika trekta la Massey Ferguson 135 yataka milimita 0.30 kwa vali zote, injini ikiwa baridi. Injini ndogo ya Kichina iitwayo S195, yenye silinda moja iliyolala, yataka 0.35 kwa kuingiza hewa na 0.45 kwa kutoa moshi. Land Rover ya zamani ya dizeli yataka 0.25 kwa zote. Basi mtu asichukue nambari ya trekta akaitia katika mashine ya kusaga. Ziko pia injini za mtindo wa Lister, injini nzito ziendazo polepole ambazo zilitoka Dursley huko Uingereza, na ambazo mafundi wa Rajkot katika India wameziiga kwa miaka mingi. Nyingi zimesaga nafaka katika vijiji vya Afrika Mashariki. Katika hizo, kibao na kitabu cha injini yako ndivyo vya kufuatwa, kwa sababu waigaji hawakulingana.

Twende sasa kwenye kazi yenyewe, na tuchukue injini ya silinda moja, kwani ndiyo iliyo karibu na watu wengi.

Kazi hii hufanywa injini ikiwa imelala usiku kucha, isipokuwa kitabu kimesema ipimwe ikiwa moto. Alfajiri ni wakati mzuri, kabla foleni ya madebe haijaanza. Kwanza funga mafuta. Injini ya dizeli haina ufunguo wa cheche, na mafuta yakiwa wazi yaweza kuwaka kwa kuzungushwa na mkono tu, nawe umeinama juu yake. Ondoa mkanda unaokwenda kwenye kinu, waondoe watoto, na vazi lenye ncha za kuning'inia lifungwe. Kama ni trekta, toa gia, funga breki, na ondoa waya wa betri.

Pili, safisha kabla ya kufungua. Mashine ya kusaga huvikwa unga kama mwokaji mikate, na unga ukichanganyika na mafuta huwa uji mzito. Ukifungua kifuniko bila kupangusa, uji huo huanguka ndani kwenye springi na roka. Pangusa pande zote, kisha legeza nati, inua kifuniko taratibu, na uitazame gasketi yake. Kama haikupasuka yaweza kurudishwa. Kama imepasuka, tengeneza nyingine, usije ukajaza mafuta sakafuni.

Ukiisha kufungua, usikimbilie skrubu. Tazama kwanza. Roka zina mafuta, au zimekauka na kubadilika rangi? Springi ni nzima? Ncha ya roka igusayo vali ni laini, au imechimbika kishimo? Kishimo hiki hudanganya, maana jani la fila hupita juu yake kama ubao juu ya mtaro. Fila yasema 0.30, kumbe nafasi ya kweli ni kubwa zaidi. Roka ya namna hiyo hupelekwa kwa fundi wa karakana aisawazishe. Tena, nati za hedi zikihitaji kukazwa, zikazwe sasa, kwa nguvu iliyoandikwa kitabuni, kabla ya kupima tapeti, kwa kuwa kuikaza hedi hubadili nafasi.

Tatu, na hapa ndipo penye akili ya kazi yote, yapasa kuiweka pistoni mahali ambapo vali zote mbili zimefungwa kabisa. Zungusha lile gurudumu zito, ambalo mafundi huliita flaiwili, kwa upande ule ule injini iendako siku zote. Kwenye injini nyingi flaiwili ina alama inayoonyesha pistoni imefika kileleni. Lakini pistoni hufika kileleni mara mbili kwa kazi moja: mara moja imebana hewa, na mara ya pili inamaliza kutoa moshi. Alama ni ile ile. Utajuaje ni kilele kipi?

Fanya hivi. Alama ikiwa mahali pake, litikise flaiwili mbele na nyuma kidogo, kadiri ya upana wa kiganja, na kuzitazama roka. Kama roka zinacheza, moja ikipanda na nyingine ikishuka, hicho ni kilele cha moshi: vali moja inafunga na nyingine inafungua. Usipime hapo. Zungusha mzunguko mmoja kamili, uirudishe alama mahali pake, utikise tena. Sasa roka zitatulia, na ukizishika kwa vidole utasikia mchezo kidogo katika kila moja. Hicho ndicho kilele cha mbano, na hapo vali zote mbili zimefungwa.

Iko injini yenye kishikio cha kupunguza mbano, kinachowasaidia vijana kuizungusha wakati wa kuwasha. Kishikio hicho, kikiwa kimeinuliwa, huishikilia vali isifunge. Ni chema wakati wa kuzungusha, lakini wakati wa kupima sharti kirudishwe chini, la sivyo kipimo chote ni uongo.

Nne, chukua jani la unene uliotajwa na ulipitishe kati ya roka na ncha ya vali. Usilisukume kwa nguvu. Linapaswa kupita kwa ugumu mdogo, kama kuvuta karatasi iliyolaliwa na daftari. Kisha jaribu jani linalofuata kwa unene, hilo lisipite. Jani la 0.30 likipita na la 0.35 likikataa, iache kama ilivyo. Si kila kifunguliwacho sharti kiguswe. Andika ulichokikuta kwa kila vali kabla ya kubadili cho chote. Baadaye tutasema kwa nini.

Kama nafasi si sawa, legeza nati ya kufungia kwa spana huku skrubu imeshikwa na bisibisi. Acha jani mahali pake, zungusha skrubu polepole mpaka jani likamatwe kidogo, kisha kaza nati huku bisibisi ikiizuia skrubu isigeuke. Mkono mmoja juu, mkono mwingine pembeni. Nati ikikazwa mara nyingi huivuta skrubu kidogo, hivyo pima tena baada ya kukaza. Mwanafunzi wa kazi hii hurudia mara tatu au nne kwa kila vali, wala si aibu. Fundi mzee naye hurudia.

Ukimaliza zote mbili, izungushe injini mizunguko miwili kamili, irudi katika kilele kile kile, upime mara ya mwisho. Hapo utajua kama kila kitu kimekaa.

Injini zenye silinda nyingi hufuata kanuni hiyo hiyo, ila kutafuta kilele cha kila silinda kwahitaji hesabu. Kwa injini ya kawaida ya silinda nne zilizopangwa mstari mmoja, kumbuka nambari tano. Vali za silinda ya nne zikicheza, yaani moja ikifunga na nyingine ikianza kufungua, pima za silinda ya kwanza. Nne na moja ni tano. Za tatu zikicheza, pima za pili. Za pili zikicheza, pima za tatu. Za kwanza zikicheza, pima za nne. Kwa silinda sita, nambari ni saba: ya sita kwa ya kwanza, ya tano kwa ya pili, ya nne kwa ya tatu, na kinyume chake. Mwalimu wa hesabu aweza kulitumia somo hili darasani, kama ana lori la kuwaonyesha watoto.

Silinda tatu, kama za trekta tuliyoitaja, hazina mwenzi wa kuchezea. Kwa hizo tumia njia ifaayo injini yo yote: katika silinda moja, vali ya kutoa moshi ikianza kufunguka, pima ya kuingiza hewa; na ya kuingiza hewa ikikaribia kumaliza kufunga, pima ya kutoa moshi. Ukitaka kujua ipi ni ipi, fuata mabomba. Iliyo mkabala wa bomba la moshi ndiyo ya kutoa.

Ziko injini za siku hizi ambazo hazina skrubu. Toyota Land Cruiser nyingi za dizeli, kwa mfano, hurekebishwa kwa kubadili visahani vya chuma vyenye unene mbalimbali, na nyingine zina tapeti zijazwazo mafuta na kujirekebisha zenyewe. Hizo za visahani zipelekwe karakana Musoma au Mwanza, kwa mtu mwenye vyombo vyake.

Kazi hii ifanywe kila baada ya muda gani? Vitabu vingi husema saa 250, vingine saa 500. Mashine ya kijiji haina saa ya kuhesabu, lakini mwenyewe ana kichwa. Ikiwa yafanya kazi saa tano kwa siku, siku sita kwa juma, ni saa thelathini kwa juma, na saa 250 hutimia katika majuma manane na siku mbili hivi. Wakati wa mavuno mashine hufanya kazi saa kumi kwa siku, na muda huo hupungua nusu. Injini mpya, au iliyotiwa gasketi mpya ya hedi, hupimwa mapema zaidi, baada ya saa chache za kwanza kama kitabu kisemavyo.

Sasa lile daftari. Tulisema uandike ulichokikuta kabla ya kurekebisha. Tuseme uliiacha vali ya moshi na 0.45. Baada ya majuma manane ukaikuta na 0.40, si neno, irudishe. Mara ya pili ukaikuta na 0.30, na mara ya tatu 0.20. Skrubu ingali inarekebishika, injini ingali inasaga, na asiye na daftari hatajua lo lote. Wewe umeona ya kuwa vali inazama, tena inazama kwa haraka. Hedi yapasa kufunguliwa ili vali na kiti chake visagwe na fundi, na una nafasi ya kuchagua siku, pengine baada ya mavuno, kabla vali haijachagua siku yake yenyewe. Kinyume chake, nafasi ikizidi kuongezeka kila mara, tafuta roka iliyochimbika, fimbo iliyopinda, au nundu ya kamshafti iliyolika.

Daftari la kurasa arobaini la shule latosha miaka mingi. Andika tarehe, vali ya kuingiza, vali ya kutoa, na jina la aliyepima. Lining'inizwe ukutani mbali na mkanda, na kalamu ifungwe kwa uzi, maana kalamu katika nyumba ya mashine haikai.

Mwisho rudisha kifuniko, kaza nati zake kidogo kidogo kwa zamu ili gasketi isilale upande mmoja, fungua mafuta, uiwashe injini bila mkanda. Isikilize dakika chache. Mlio mdogo wa roka ulio sawasawa ni wa haki yake, usiufuate tena kwa bisibisi. Mlio mmoja ukiwazidi wenzake, zima, iache ipoe, uipime ile vali upya. Isipokuwapo, vaa mkanda, mwite wa kwanza katika foleni alete debe lake.

Katika maongezi yetu yajayo tutaeleza jinsi ya kuondoa hewa iliyoingia katika mabomba ya mafuta.